Mama Samia: Tumpime kwa Kazi, Siyo kwa Jinsia



Machi 19, 2021 nilikuwa zamu ya usiku. Wakati wa mapumziko nikamtazama kwenye simu Samia Suluhu Hassan akila kiapo. Nililia. Binti wa Makunduchi aliyeanza kama karani, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa Viti Maalum, akawa Makamu wa Rais 2015, sasa Rais! Julai mwaka ule akachanjwa korona hadharani. Sisi wauguzi tulipumua. Januari 2023 akaruhusu tena mikutano ya hadhara.

Kisha ukaja 2025. Tundu Lissu akashtakiwa kwa uhaini, CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi. Oktoba 29 intaneti ikazimwa na waandamanaji wakapigwa risasi. Tume ikamtangaza mshindi kwa takriban asilimia 98. Ujumbe niliomtumia shangazi yangu Dar ulikaa siku kadhaa bila kufika. Nilikuwa nikihudumia wagonjwa hapa Roseville huku sijui kama yu hai.

Tangu hapo nasikia mambo mawili. Wanaume wanasema: "Si mnaona, mwanamke hawezi nchi." Baadhi ya kina mama wanasema: "Tumsitiri mwenzetu."

Yote nayakataa. Januari 2001 polisi waliua waandamanaji Pemba, Rais akiwa Mkapa. Nani alisema wanaume hawafai kutawala? Na kumsitiri mwenzetu hakumrudishii mama yeyote mwanawe.

Mimi sifuti machozi yangu ya 2021. Lakini muuguzi akikosea, mgonjwa haulizi ni mwanamke au mwanamume. Anayestahili sifa astahili pia kuulizwa.

Naomba kuwasilisha.