Chakula cha Mbwa Mwenye Kisukari

Mama mmoja wa Kisauni, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali ambalo huenda likawafaa wengine. Mbwa wao wa ulinzi, jike la miaka 9, alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kila mara, na ingawa alikula kwa pupa, mwili ulizidi kukonda. Daktari wa mifugo alipima damu na mkojo, akathibitisha kuwa ni kisukari, akaagiza achomwe sindano ya insulini asubuhi na jioni. Katika nyumba ile kisukari si mgeni, kwani bibi yao anaishi nacho miaka mingi. Basi wakamfanyia mbwa kama wanavyomfanyia bibi: ugali wakaupunguza nusu, na chakula cha jioni wakakiondoa kabisa. Anauliza kama wamefanya sawa.

Nia ni njema, lakini chakula cha jioni kirudishwe leo hii, wala kisingoje kesho.

Wazee wetu wengi wana kisukari cha aina ya pili: kongosho bado hutoa insulini, ila mwili hauitikii ipasavyo, na ndiyo maana kupunguza wanga na uzito huwasaidia sana. Mbwa hayumo katika hali hiyo. Kwake yeye, mara nyingi kongosho limekwisha kushindwa kutoa insulini ya kutosha, na hakuna chakula kitakachoziba pengo hilo. (Anayekaribiana na bibi ni paka, yeye hufaidika kwa chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo.) Tiba ya mbwa ni sindano, na chakula ni mwenzi wake. Insulini ikishaingia mwilini haiulizi kama mnyama amekula au hakula. Kazi yake ni kushusha sukari. Isipokuta chakula, sukari hushuka mno, mbwa akapepesuka, akatetemeka, akashikwa na degedege, na pengine asiione asubuhi.

Kwa hiyo jambo la kwanza si chakula gani, bali ni utaratibu: chakula kile kile, kipimo kile kile, saa ile ile. Milo miwili iliyo sawa, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na sindano ifuate baada ya kuona kwamba amekula. Makombo ya katikati ya siku yakome.

Tukija kwenye chakula chenyewe, ugali mweupe wa mchuzi haufai kuwa tegemeo, kwa kuwa wanga wake humeng'enywa upesi na kupandisha sukari kwa ghafla. Kilicho chepesi kwa jamaa nyingi ni chakula kikavu cha dukani cha mbwa wazima, chenye nyuzinyuzi za kutosha na kisichotiwa sukari, kipimwe kwa kikombe kimoja siku zote. Vile vyakula laini vya pakiti vinavyonata huwa vimetiwa vitu vitamu, viacheni. Viko pia vyakula maalumu vya mbwa wenye kisukari, lakini bei yake ni kubwa, na chakula ambacho mbwa anakisusia hakimfai hata kiwe ghali namna gani. Anayependa kumpikia anaweza kutumia nyama isiyo na mafuta au samaki aliyetolewa miba, pamoja na wali wa mchele usiokobolewa, boga na karoti, lakini amwonyeshe daktari vipimo vyake kwanza, maana chakula cha namna hiyo hupungukiwa na madini, hasa kalisi. Huyu aliyekonda asinyimwe chakula. Aliye mnene hupunguzwa polepole, daktari akiangalia na dozi.

Mafuta ya nyama na ngozi za kuku huweza kulichochea kongosho ambalo tayari ni bovu. Na masazo ya pilau na biriani yana vitunguu, pengine na zabibu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa yeyote, awe na kisukari au asiwe nacho.

Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iko hatari nyingine isiyotazamiwa. Chingamu na peremende zisizo na sukari, zile zinazokaa mkobani mwa bibi, baadhi yake hutiwa zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa jina linaloanza na herufi X. Bibi haimdhuru, mbwa huweza kumuua kwa kushusha sukari ghafla na kuharibu ini.

Ramadhani nayo ihesabiwe mapema. Saa ya mlo wa jioni wa mbwa huangukia pale pale ambapo jikoni kumepamba moto na kila mtu anangoja adhana, na asubuhi nyumba nzima imerudi kulala baada ya daku. Achaguliwe mtu mmoja, mkubwa, awe na dhamana ya milo yote miwili. Watoto nao waambiwe kwamba kaimati ya shira si sadaka kwa mbwa huyu.

Akikataa kula, asichomwe dozi yake ya kawaida. Daktari apigiwe simu kwanza. Akianza kupepesuka au kulegea, apakwe asali kwenye ufizi, alishwe akishaweza kumeza, kisha apelekwe kwa daktari. Kama hajatolewa kizazi, hilo pia liulizwe, kwani homoni zinazofuata joto la jike huizuia insulini isifanye kazi.

Insulini hiyo anayochomwa, Banting na Best waliipata huko Toronto mwaka 1921 kwa majaribio waliyowafanyia mbwa.

Mwekeeni daftari karibu na jokofu: saa aliyokula, kiasi alichobakisha, maji aliyokunywa, na uzito wake kila wiki. Daktari akitaka kubadilisha dozi, ataanza kwa kuliomba hilo.