Ujira wa Mtunzaji wa Programu Huria

Imeenea katika makampuni yetu, na katika baadhi ya idara zetu pia, fikra kwamba programu huria ya kompyuta haina gharama, na kwa kuwa haina gharama haihitaji mtu wa kulipwa mshahara kwa ajili yake. Fikra hii ni ya makosa. Humdhulumu afanyaye kazi, humdanganya aitumiaye, na mwisho wake ni hasara kwa wote wawili. Makala haya yanakusudia kuipinga, na kueleza namna ifaavyo kampuni kumwajiri mtunzaji wa programu ya namna hiyo na kumsimamia baada ya kumwajiri. Mwalimu wa lugha ana haki ya kusema katika jambo hili, kwa sababu lugha anayoifundisha leo huandikwa, huhifadhiwa na kusomwa ndani ya programu hizo. Na tena kwa sababu, kama nitakavyoonyesha, wenye kazi ya lugha waliyakabili maswali haya haya kabla ya wenye kompyuta.

Kwanza tuafikiane juu ya maana ya maneno. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake humpa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Mtunzaji wake ni mtu mwenye dhamana ya kupokea marekebisho yaletwayo na watu wa pande zote za dunia, kuyapima, kuyakubali au kuyakataa, kuziba nyufa za usalama, na kutoa toleo jipya wakati wake ukifika. Mtungaji aweza kuandika mara moja akaenda zake, mtunzaji hukaa. Wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero waijua tofauti hii bila kufundishwa. Mpunga ukianza kukomaa, mtu hupanda dunguni akakesha, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Siku hizo hapandi hata punje moja, wala havuni, na mgeni apitaye akimwona ameketi juu aweza kumdhania mvivu. Lakini na aondoke siku tatu tu, shamba lenyewe litaeleza kazi yake ilikuwa nini.

Mfano wa pili uko zahanatini. Katika kata ya Masagati, mwisho wa bonde, wilayani Mlimba, mhudumu wa afya huandika habari za wagonjwa wake katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila mwezi hesabu za vitabu hivyo hujumlishwa, na jumla yake huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, iliyoenezwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010. Kwa njia hiyo mtu aliyeko Morogoro au Dodoma aweza kujua ni watoto wangapi walichanjwa Masagati na ni wagonjwa wangapi waliopimwa wakakutwa na malaria, hata katika miezi ambayo mvua imeifanya barabara isipitike. DHIS2 ni programu huria. Serikali hailipi leseni yake, wala hazilipi nchi nyingine zaidi ya 70 zinazoitumia.

Je, imesimama kwa bure? Haikusimama kwa bure hata siku moja. Chuo Kikuu cha Oslo kimewaajiri watu ambao kazi yao ni kuitunza, kwa fedha za shirika la misaada la Norway, Norad, na za wafadhili wengine. Na hapa kwetu, wanachuo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi katika mtandao wa HISP ulioizaa programu hiyo. Nyuma ya kitu tukiitacho cha bure ipo orodha ya mishahara. Tofauti ni kwamba orodha hiyo haiko mezani petu, na kwa hiyo twaona kama haipo. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ajira nyingi za miradi ya afya katika Afrika Mashariki zilikatika kwa muda wa majuma machache, zikiwamo za watu wa takwimu. Siku zile tulijifunza kwamba mlinzi wa dungu letu alikuwa akilishwa na jirani, na kwamba jirani ana haki ya kufunga jiko lake.

Kwa upande wa lugha tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima. Maneno ya menyu, maonyo na maelekezo yalifasiriwa, istilahi zilitafutwa, na mtu wa kawaida aliweza kuandika barua bila kuona neno la Kiingereza mbele yake. Lakini programu ya namna hiyo haifasiriwi mara moja ikaisha. Kila toleo jipya huja na maneno mapya. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe ilipasuka, likazaliwa tawi la LibreOffice, na kila tawi likaenda njia yake. Aliyetaka Kiswahili kibaki ndani ya matawi hayo alihitaji mtu wa kukaa na kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Mradi una tarehe ya mwisho, na utunzaji hauna. Leo ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili walioisikia hata jina Jambo OpenOffice?

Wapo wasemao kwamba watu wa kujitolea watatosha, kwa kuwa ndio waliotosha tangu mwanzo. Hao na watazame yaliyotokea. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti ya dunia, na ikadhihirika kwamba kazi ile ilikuwa mikononi mwa watu wachache sana, huku michango waliyoipata kwa mwaka ikiwa kama dola 2,000. Mwaka 2024 jambo la kutisha zaidi lilitokea katika programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz. Mtunzaji wake, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo na amechoka, alisongwa na barua za kumlaumu kwa kukawia, hata akamkaribisha msaidizi aliyejiita Jia Tan. Msaidizi huyo alijenga uaminifu kwa muda wa miaka miwili na zaidi, kisha akaingiza mlango wa siri ndani ya msimbo. Mlango huo uligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyestaajabu kuona mashine yake ikichelewa kama nusu sekunde. Dunia iliokolewa na nusu sekunde. Benki zisiandike bahati ya namna hiyo katika hesabu ya mali zake.

Basi kampuni yenye akili itamwajiri mtunzaji. Hapa ndipo penye mashaka ya pili, maana wengi waafikio kuajiri hawajui kusimamia. Nayaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kumwajiri mtu kwa jina lake na kumnyima kazi yake. Tuseme kampuni moja ya fedha mjini Dar es Salaam imemwajiri binti aliye mtunzaji wa programu ambayo kampuni hiyo huitegemea. Siku ya mahojiano asifiwa kwa utunzaji wake. Mwezi wa kwanza atumwa kurekebisha tovuti, mwezi wa pili mashine za mauzo, mwezi wa tatu aambiwa kwamba ile kazi yake ya nje na aifanye usiku nyumbani. Kampuni imenunua mlinzi na kumteremsha dunguni. Dawa ya kosa hili ni mkataba ulioandikwa. Kampuni ya Transmeta ilipomwajiri Linus Torvalds mwaka 1997 ilimwacha aendelee na Linux. Google ilipomwajiri Guido van Rossum mwaka 2005 ilimwachia nusu ya wakati wake kwa lugha ya Python. Sehemu yaweza kuwa nusu, yaweza kuwa theluthi. Lakini na itajwe, na meneja asiwe na ruhusa ya kuimega.

Kosa la pili ni kumpima kwa kipimo cha mwingine. Mameneja wetu hupenda kuhesabu vitu vipya. Mtunzaji hodari aweza kupitisha mwezi mzima bila kuongeza kitu: amesoma marekebisho 40 ya wengine, amekataa 30 kwa upole na kwa sababu, ameziba ufa mmoja kabla mwizi hajauona, na amemfundisha mgeni mmoja kazi. Akipimwa kwa wingi wa msimbo ataonekana mvivu, na aliyejaza makorokoro ataonekana shujaa. Bonde hili lina ushahidi wake. Reli ya TAZARA, ipitayo Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na ikakabidhiwa mwaka 1976 kwa shangwe iliyostahili. Hakuna aliyewapigia ngoma watu wa magenge waliokuwa wakikagua madaraja na kukaza njia kila siku. Utunzaji ulipopungua, mizigo ilipungua nao, na Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu utajengwa kwa fedha nyingi.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote: kumgeuza mtunzaji kuwa mjumbe wa siri wa kampuni ndani ya jumuiya ya programu. Meneja humwambia, «Pitisha rekebisho letu leo, la wengine lisubiri.» Mtunzaji akitii, jumuiya itamjua, itamwondolea imani, na pengine italichukua shina la msimbo na kuanzisha tawi jingine, kama watu wa OpenOffice walivyofanya. Hapo kampuni itakuwa imelipa mshahara ili kuiharibu mali iliyoajiri mtu kuilinda. Rekebisho la mwajiri lipite njia ile ile ya marekebisho ya watu wengine. Na likiwa bovu likataliwe, na aliyelikataa asiadhibiwe.

Ataniuliza mtu: je, mtumishi aweza kuwa na mamlaka ambayo bwana wake hayagusi? Nami namjibu kwamba ndivyo tulivyoishi katika Kiswahili tangu zamani. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Urithi wake ukaingia katika Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, kilichokuja kuitwa TUKI. Na mwaka 1981 TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyofuatwa na toleo la 2004 na la 2013. Wahariri wake walipokea mshahara wa chuo kikuu. Je, chuo kikuu kilipata kuwaagiza kwamba neno fulani liingie kwa kuwa mkuu wa chuo analipenda, au kwamba watu wa Mombasa wasilitumie neno kwa kuwa hawakuchangia mshahara? Mwajiri aliilipa kazi, na neno likabaki la wote. Tena toleo moja halikutosha. Ilibidi wawepo watu wa kukaa na kadi na mafaili miaka 23 kati ya la kwanza na la pili, kwa sababu lugha haikungoja.

Pingamizi la mwisho ni la mhasibu: kwa nini kampuni yangu imlipe mtu ambaye kazi yake itamfaa na mshindani wangu? Ni swali la haki, na jibu lake ni la hesabu. Mshindani atafaidika, kweli. Lakini siku ya hatari ni wewe uliye na mtu ndani ya nyumba aijuaye programu mpaka mizizi, na ni mahitaji yako yatakayoeleweka mapema. Kama mzigo ni mzito kwa mmoja, makampuni matatu au manne yaweza kuchangia mshahara mmoja kwa njia ya taasisi isiyo ya mtu, kama ilivyo kwa Linux Foundation. Sharti jingine la busara ni kwamba mtunzaji asiwe peke yake; awe na mwenzake anayejifunza, maana mtu huugua, huhama, na hufa.

Nimewasema wenye makampuni. Sasa niwaseme na wenye vyuo, maana sisi hatuna mikono safi. Mhadhiri aandikaye makala moja hupata alama za kupandishwa cheo. Atunzaye kwa miaka 10 hazina ya istilahi, au programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili, haandikiwi kitu. Mwanafunzi wetu hujua kuanzisha programu mpya kwa shahada yake, na siku ya mahafali huiacha yatima. Tukitaka makampuni yaheshimu kazi ya dunguni, kanuni zetu za kupandisha vyeo ziitaje kazi hiyo kwa jina, na ziipe alama zake sawa na kitabu.