Mnatuambia Tutoke Nje. Twende Wapi?

Kila wiki kuna mtu mzima analalamika mtandaoni kwamba vijana wa Kisumu tumeoza kwenye simu. "Tokeni nje mpate hewa!" Sawa mzee. Hewa ya wapi?

Wasee, kwa upande wa afya, hawa wazee wako sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichambua majibu ya karibu watu 20,000 Uingereza. Waliokaa mahali penye miti, bustani au ufuo angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya nzuri na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama ni siku moja au kidogo kidogo. Na macho je? Kule Taiwan, tangu 2010 shule zimehimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, kwa sababu mwanga wa mchana husaidia kuzuia tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali.

Sasa angalia sisi. Tuko karibu kabisa na ikweta. Hatuna miezi ya theluji ya kutufungia ndani. Nam Lolwe, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, liko hapo chini ya mji. Tungekuwa tunaongoza dunia kwa kukaa nje.

Lakini hebu shuka kutoka Kondele ukitafuta maji. Utakutana na ukuta wa bandari, reli, geti la hoteli, geti la klabu. Impala Sanctuary ina miti na upepo safi, ila langoni kuna kiingilio. Kwingine unakaribishwa kiti, halafu dakika mbili baadaye unaulizwa utaagiza nini. Lwang'ni, pale watu walikuwa wakila samaki wakitazama ziwa, vibanda vilibomolewa.

Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo ziwa ni letu. Kinachouzwa ni njia ya kulifikia.

Msiniambie basi nikae nje ya nyumba. Kwa msee wa Obunga au Nyalenda anayeishi chumba kimoja cha mabati, saa nane mchana ndani ni jiko, na nje ni kichochoro chenye mtaro wa maji machafu. Huyo ndiye anayehitaji kivuli na upepo kuliko mtu yeyote Milimani, na ndiye anayedaiwa kiingilio.

Sisemi turuke majini. Kichocho kipo, na hupatikana hasa kwenye maji ya pembeni yenye konokono. Tunachotaka ni mahali pa kukaa na kutembea: kipande cha ufuo kisicho na geti, chenye miti ya kivuli, mabenchi, choo safi, na taa ili dada zetu waweze kubaki hadi saa moja jioni bila kuangalia nyuma kila hatua. Kaunti na serikali kuu, hili si jambo la anasa. Sukari na presha hutibiwa kwa pesa nyingi. Kivuli cha mti hakitumi bili.

Nasi pia tusingoje utepe ukatwe. Safari ya dakika kumi haihitaji boda. Stori za kupiga kwenye kochi zinaweza kupigwa mkitembea asubuhi kabla jua halijawa kali.

Lakini yule mzee akirudi tena na "tokeni nje", msimtukane. Mwulizeni swali moja tu: geti gani la ziwa liko wazi leo, bure?