Gego lililotibiwa mizizi: wagonjwa waambiwe ukweli kabla ya kulipa

GOMA – Mgonjwa anafika kwenye kabine ya meno na gego ambalo limemnyima usingizi. Munganga anatoboa jino, anasafisha mizizi, anaijaza dawa, kisha anaziba tundu kwa kompoziti, ile plombaje nyeupe. Maumivu yanaisha. Mgonjwa analipa, anashukuru, anaenda. Miezi inapita, siku moja anauma muhindi wa kuchoma na jino linapasuka mpaka chini ya ufizi. Sasa anaambiwa haliwezi kutengenezwa tena, ling'olewe. Na kung'oa pia kunalipwa.

Hiyo haiitwi bahati mbaya. Ni kazi ya nusu iliyouzwa kwa bei ya kazi nzima.

Wengi wanasema jino lililouliwa mshipa linakauka kama ukuni, ndiyo maana linavunjika. Sababu kubwa si hiyo. Jino linadhoofika kwa sababu sehemu zake zimeliwa na uozo na kukatwa na mashine. Mwaka 1989 Reeh na wenzake walipima jambo hilo katika maabara. Tundu la kuingilia mizizi peke yake lilipunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 hivi. Lakini kingo mbili zinazogusana na meno jirani zilipoondolewa, upungufu ulifika asilimia 63. Ni kama nyumba ya mbao iliyoondolewa kuta mbili: zile zinazobaki zinasukumwa nje kila mara uzito unapokuja juu.

Kompoziti yenyewe si dawa mbaya. Jino la mbele ambalo kuta zake bado nzima, mara nyingi linatosheka nayo. Lakini ina masharti yake. Inapokauka inajikunja kwa asilimia 2 au 3, kwa hiyo inawekwa tabaka kwa tabaka, milimita 2 hivi kila mara, na kila tabaka linapigwa taa. Betri ya taa ikichoka, sehemu ya chini inabaki laini. Mate yakiingia, gundi haishiki. Dawa ya muda yenye mafuta ya karafuu ikibaki ndani, kompoziti haigandi vizuri. Munganga anayejaza tundu kubwa kwa mara moja, haraka haraka, anajua anachofanya. Mgonjwa ndiye hajui.

Gego lililopoteza kuta linahitaji kufunikwa vichwa vyake. Huko Marekani, utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuwekewa kuroni, yaani kofia ya jino, yalipotea mara 6 kuliko yale yaliyofunikwa.

Watetezi wa kazi hii wana jibu lao: watu ni maskini, kuroni ni ghali, tunawapa kile wanachoweza. Jibu hilo halisimami. Umaskini ndio sababu ya kwanza ya kusema ukweli. Mwenye pesa nyingi akipoteza jino, atatafuta lingine. Mama aliyekopa ili atibiwe hana mara ya pili.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo ni zito zaidi. Kumwambia mtu arudi mwezi ujao kwa ajili ya kuroni, wakati hajui atalala wapi wiki ijayo, ni sawa na kumwambia asirudi. Mtu kama huyo amaliziwe kazi mapema, siku ileile ikiwezekana. Munganga anaweza kupunguza vichwa vya gego na kuvifunika kwa kompoziti hiyohiyo. Haifiki nguvu ya kuroni, lakini inalinda kuliko kujaza shimo tu. Na kama jino limeharibika sana, heri kusema mapema ling'olewe mara moja, kwa malipo ya mara moja.

Wakubwa wa afya wadai jambo dogo tu: kabla ya kushika mashine, munganga amwambie mgonjwa kwa lugha anayosikia kuta ngapi zimebaki, bei yote mpaka mwisho ni kiasi gani, na nini kitatokea jino lisipofunikwa. Maneno hayo hayahitaji umeme wala dawa kutoka nje. Anayekataa kuyasema alinde mfuko wake, lakini asiseme anawahurumia maskini.