Jenereta ya Akiba Huharibika Ikiwa Imekaa: Badilisha Oili kwa Kalenda

Leo naweka pembeni chanjo na malisho, tuzungumzie mashine inayookoa mali yako umeme ukikatika: jenereta ya akiba, na hasa oili yake.

Hapa Keko na mitaa ya jirani kuna kauli inayosikika sana siku hizi: "Umeme upo, jenereta siiwashi, oili nibadilishe ya nini?" Mimi napingana nayo. Jenereta inayokaa bila kazi inahitaji ratiba ya oili kama inayofanya kazi, na wengi tunalijua hilo usiku ambao tayari tumechelewa.

Ni kweli hali imekuwa nzuri. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Lakini umeme kuwa mwingi hakuzuii nguzo kuanguka wala transfoma kuungua. Aprili 1, 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa hilo ukiwa umeshaanza kuzalisha, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Akikosa joto usiku, vifaranga hurundikana, na asubuhi unaokota waliokufa. Mwenye mashine ya kutotolesha naye anaweza kupoteza kazi ya siku 21.

Kwa nini oili iharibike wakati jenereta imekaa? Oili iliyokwisha kutumika ina masizi, asidi na mabaki ya mafuta. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo huingia kwenye injini na kugeuka maji. Vikikaa pamoja miezi, vinakula chuma taratibu. Kuwasha dakika tano ili "kuisikia tu" hakusaidii, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kukausha maji hayo. Washa mara moja kwa mwezi kwa nusu saa, na uipe lodi ya angalau theluthi ya uwezo wake.

Fahamu pia jinsi oili inavyofanya kazi. Jenereta nyingi ndogo za petroli, zile za kilowati 2 hadi 3, hazina pampu ya oili wala filta. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha juu. Oili yote ni takriban lita 0.6. Ikipungua kikombe kimoja cha chai, theluthi imekwenda. Na kwa kuwa hakuna filta, uchafu wote unazunguka humo humo mpaka uumwage.

Kuna tabia moja naomba tuiache kabisa. Jenereta ikigoma kuwaka, fundi anakata waya wa sensa ya oili, inawaka, mwenye mali anafurahi. Sensa ile iligoma kwa sababu: oili imepungua au jenereta imewekwa mahali pa mteremko. Ukiikata, onyo linalofuata ni injini kunoki. Tena kumbuka, sensa hiyo inapima kiasi cha oili tu. Oili nyeusi tii iliyojaa vizuri haitaizuia jenereta kuwaka.

Ratiba ninayoshauri ni hii:

1. Jenereta ndogo ikiwa mpya, mwaga oili baada ya saa 20 za kwanza. Baada ya hapo kila saa 100 au kila miezi sita, kinachotangulia. Kama kitabu chake kinasema tofauti, fuata kitabu.

2. Jenereta kubwa ya dizeli iliyofungwa mahali pamoja ina pampu na filta. Mara nyingi ni saa 250 au mwaka mmoja, na filta ibadilishwe pamoja na oili. Ukiwasha, tazama geji ya presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima.

3. Pima oili kabla ya kila kuwasha, jenereta ikiwa mahali tambarare. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji. Ikinuka petroli, angalia kabureta. Hali zote mbili, usiwashe.

4. Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu ili uchafu utoke nayo.

5. Andika kwenye daftari tarehe na saa ilizofanya kazi.

Saa 100 si nyingi. Ukiwasha saa 8 kwa siku, zinaisha kabla ya wiki mbili. Ndugu zetu wa Unguja walikosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyewasha saa 8 kila siku kwa miezi mitatu alifikisha takriban saa 720, yaani kumwaga oili mara saba.

Kuhusu gharama, nunueni kwa kikundi. Galoni moja ya lita 5 inatosha jenereta ndogo nane, mradi zote zinatumia aina moja ya oili. Dereva wa bodaboda hubadilisha oili kwa ratiba kwa sababu pikipiki inamlisha kila siku. Jenereta inakulisha siku chache kwa mwaka, lakini siku hizo ndizo za hasara kubwa.

Oili chafu usiimwage mtaroni, wala usipake kwenye kidonda cha mfugo au ndani ya banda. Iweke kwenye galoni lenye kifuniko uipeleke gereji wanakoikusanya. Na jenereta yenyewe isiwashwe kamwe ndani ya banda, duka au chumba. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua kuku na inaua mtu.

Leo jioni, kabla hujafunga kazi, vuta stiki uitazame oili yako. Kama hukumbuki uliibadilisha lini, imwage.