Dipoziti Isiyorejeshwa Hudaiwa kwa Ushahidi
Nchini Kenya, dipoziti, yaani amana ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba kama dhamana dhidi ya uharibifu au malimbikizo ya kodi, haigeuki kuwa zawadi mpangaji anapohama, wala uchakavu wa kawaida, kama rangi ya ukuta iliyofifia, si kisingizio cha haki cha kuizuia. Anayenyimwa na aandike barua ya madai, aambatanishe mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa malipo na picha zilizopigwa siku ya kuhama, kisha, asipojibiwa, afungue shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na humruhusu mdai kujiwakilisha bila wakili. Wapangaji wasikubali kudhulumiwa kimyakimya.