Kompyuta ya Ofisi Haikuwa Imekufa

Mwezi uliopita ofisi ya msikiti wetu ilikaa siku tisa bila kompyuta. Umeme ulikatika baada ya swala ya Alasiri, ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo mashine haikuwaka: si taa, si mlio wa feni. Ni kompyuta ya aina ile ambayo kioo na mitambo yote vimo katika umbo moja. Ndani yake mlikuwa na orodha ya mayatima tunaowalipia ada, hesabu za michango na matokeo ya wanafunzi wa madrasa. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Fundi wa kwanza aliitazama kwa dakika chache, akasema imekufa, tununue nyingine. Bei tuliyotajiwa dukani ilikuwa shilingi 1,700,000. Katika kikao, mzee wetu mmoja akatugeukia: "Ustadh, huyo fundi aliipima kwa kitu gani?" Hatukuwa na jibu. Fedha ile ni amana ya waumini wanaotoa noti ya elfu moja moja kila Ijumaa, nasi tulikuwa tayari kuitumia kwa kauli ya mtu ambaye hakushika hata bisibisi.

Tukamwita kijana aliyesomea ufundi wa umeme. Alianza na mambo mepesi: akajaribu soketi nyingine, kisha waya mwingine. Ilipokataa, akachomoa plagi, akaiacha ikae, akailaza kifudifudi juu ya blanketi na kufungua mgongo wake. Akatuonesha pawa saplai, yaani kifaa kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuushusha hadi volti 12 zinazotumiwa na mashine. Kapasita zake mbili zilikuwa zimetuna vichwani kama maandazi, na mita haikuonesha umeme wowote ukitoka. Ubao mkuu ulikuwa salama.

Hapa tunatoa tahadhari kwa wazazi ambao vijana wao hupenda kufungua vitu. Kapasita kubwa ya kifaa hicho huweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuchomoa peke yake si usalama. Kazi hii ni ya mwenye ujuzi na vipimo.

Kifaa cha kubadilishia nacho hakichukuliwi kwa kukisia. Katika kompyuta za aina hii, umbo la pawa saplai na vichwa vya nyaya zake hutofautiana kwa kila modeli. Kijana alinakili namba iliyoandikwa kwenye kile cha zamani, akahakikisha volti ni zilezile na wati si pungufu. Kilipatikana kilichotumika, kwa shilingi 130,000. Kilipofungwa, mashine ikawaka, na orodha ya mayatima ikafunguka kama tulivyoiacha.

Kumbe kumbukumbu hazikuwa hatarini kwa sababu ya hitilafu ile. Hukaa katika diski, si katika pawa saplai. Hata kama kifaa kisingepatikana, diski ingeweza kutolewa na kusomwa kwa kompyuta nyingine. Lakini laiti diski ndiyo iliyoharibika, tungewaambia nini walezi wa watoto wale? Kosa hilo halikuwa la fundi wala la umeme. Lilikuwa letu.

Sasa kila Alhamisi tunatoa nakala ya kumbukumbu zote, nayo hukaa kwa mweka hazina, mbali na ofisi. Kompyuta imewekewa kifaa cha kuilinda umeme unapokatika na kurudi. Na kamati imekubaliana kwamba hakuna chombo cha msikiti kitakachohesabiwa kuwa kimekufa mpaka kipimwe, na aliyekipima aandike alichokikuta.

Wabillahi tawfiq.